Breki za Idah

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi ya kuuma. Vidole vimepasuka tena, hata kushika spana ni adhabu. Gatongora nzima bado iko ndani ya masweta.

Idah, mwalimu wa nasari, ameleta baiskeli yake ya mitumba yenye breki za diski. Inalia mpaka mbwa wa ploti wanaijibu. Kila asubuhi anambeba binti yake Kui, miaka sita, kwenye keria, na njia yao inateremka hadi darajani. Nimetoa pedi. Uchafu mtupu! Nyeusi, zinateleza, zinanuka dizeli. Nikamuuliza aliiosha wapi. Kwa Kyengo, pale wanapooshea pikipiki. Nilijua!

Kyengo akimaliza kuosha huchukua kitambaa cha dizeli, anapangusa kila kitu. Spoku, rimu, tairi, ilimradi ing'ae. Watu wa boda wanapenda. Sasa diski ya breki inang'arishwa ya nini? Hiyo ndiyo pedi inaibana gurudumu lisimame. Ikipata mafuta, pedi inayanywa, na pedi ikishakunywa haibani tena. Huwa natamani kutapika nikiona kazi kama hiyo.

Nimeosha diski kwa spiriti, nikaweka pedi mpya. Mikono nilinawa kwanza, mara mbili, kwa sabuni ya unga, ndivyo nilivyo. Mimi si kama hao wengine wanaoshika mnyororo halafu wanashika breki halafu wanashika mandazi.

Jumatano, 16 Julai

Imerudi. Inalia! Siku mbili tu! Na haishiki, Idah anasema ameanza kuburuta kiatu chini ili asimame. Eti hajakanyaga tena kwa Kyengo. Watu humwogopa fundi kama wanavyomwogopa daktari, hawasemi ukweli.

Nikaenda kwa Kyengo mwenyewe. Walikuwepo watu wa boda kama saba, wameketi juu ya pikipiki zao. Nikamwambia ni mchafu, kazi yake ni ya uchafu, na siku moja dizeli yake itaua mtoto wa mtu. Sikunong'ona. Alikuwa ameshika mpira wa maji na hakuufunga, maji yakawa yanamwagikia viatu vyake.

"Mzee, hiyo baiskeli niliosha mara moja tu," akasema.

Muongo. Nilirudi kibandani nimeridhika sana.

Hizo pedi nimezichoma kwenye jiko mafuta yatoke. Moshi wake unakaa kooni. Mke wangu Beth, anayeuza githeri kibanda cha pili, alifunika sufuria mbio akasema leo wateja watakula breki. Nikazisugua kwa msasa, nikanawa, nikazirudisha. Safi.

Ijumaa, 18 Julai

Wameanguka.

Idah na Kui, kwenye mteremko wa daraja. Breki ya mbele haikushika kabisa, ya nyuma nusu nusu. Idah akaona heri aingie kwenye ua wa miba kuliko mtoni. Mikono yake imechanika yote. Kui ameshonwa kidevu, nyuzi nne.

Baiskeli imeletwa kwa mkokoteni. Iko ukutani. Sijaigusa. Wote wanaopita wanamtaja Kyengo, na mimi siwakatazi.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani wamemwombea Kui. Mama mmoja akaomba Mungu aguse mioyo ya wanaofanya kazi kwa uchafu wakaumiza watoto wa wenzao. Nikaitikia amina. Kwa nguvu!

Jumatatu, 21 Julai

Sijui nianze wapi. Nianze na kidole.

Saa saba jua lilitoka kidogo. Nikafungua gurudumu la mbele la Idah, nikaigeuza diski juani nitafute dizeli ya Kyengo. Nilitaka kuipata, niwaite watu waione. Haikuwa na dizeli. Haikunuka kitu. Pale ndani pedi isipofika ilikuwa na alama ya dole gumba, imekaa vizuri kabisa, mistari yote. Katikati ya mistari, kovu limekata kutoka kona hadi kona.

Mimi ndiye mwenye hilo kovu. Mnyororo ulinikata, mwaka ule tulipohamia hapa kutoka Mwihoko.

Nikatoa pedi. Pembeni kuna alama zingine. Nikachukua gazeti, nikabonyeza dole gumba. Nikalinyanyua juu. Doa! Karatasi inapitisha mwanga kama ya kufungia chapati.

Beth alikuwa ananiangalia. "Baba Mitchell, si hiyo ni mafuta yako," akasema, na akanyoosha mwiko kuelekea rafu.

Mafuta ya kukamulia ng'ombe. Mkebe mkubwa. Julai hii yote, vidole vikipasuka, nimekuwa nikinawa kwa sabuni ya unga, ngozi inakauka, inauma, basi najipaka. Halafu ndiyo naweka pedi. Kila mara! Nanawa ili niwe msafi, najipaka, nashika breki. Pedi za Jumatatu nilizipaka mimi. Zile nilizochoma Jumatano nikazipaka tena mimi. Kyengo alikuwa na makosa ya mara ya kwanza tu, na hayo niliyatoa kwa spiriti.

Nimetupa mkebe kwenye takataka. Nikautoa, kwa sababu ni Beth aliyeununua.

Beth amesema neno moja tu jioni. "Yule mtoto ameshonwa. Enda useme."

Jumanne, 22 Julai

Nilienda. Kwa Kyengo palikuwa na pikipiki moja, na hiyo moja ni ya shemeji yake. Wale wa boda wamehamia kwingine, upande wa Ruiru mjini. Mtungi wa dizeli haupo.

Nikamsalimia. Nikamuuliza kama maji yanatoka siku hizi. Akasema yanatoka. Nikarudi.

Maji! Nilitembea kote huko kuuliza habari ya maji. Ninajinuka.

Jumatano, 23 Julai

Nimeweka pedi mpya nikiwa nimevaa glavu. Nimeijaribu mwenyewe pale mteremkoni, mara ishirini, nikifunga breki ghafla mpaka pedi zikazoea diski. Inasimama papo hapo. Haitoi sauti. Idah amesema atakuja kuichukua saa kumi.

Saa tisa na nusu ameingia Kyengo. Amevaa shati la Jumapili. Amebeba maziwa na mkate.

"Mzee, uliniambia mbele ya watu nikaona unanionea," akasema. "Kumbe ulikuwa sawa. Mtoto ameumia kwa sababu yangu. Nisamehe."

Nilikuwa na maneno mdomoni, tayari kabisa, niliyapanga tangu juzi. Nikamwambia yameisha. Nimemsamehe. Mimi! Nimemsamehe yeye!

Akauliza dizeli iliingilia wapi hasa, ili amweleze Idah vizuri, asionekane anajificha. Nikamwonyesha. Nikainama na kumwonyesha kwa kidole hapa na hapa. Alikuwa anatikisa kichwa kama mwanafunzi.

Sasa ameketi kwenye benchi langu, mkate juu ya magoti. Mimi nimefungua daftari hili, najifanya naandika orodha ya spea. Beth ameacha kupakua. Wateja wawili wanangoja na sahani, na yeye ananitazama mimi tu.

Idah huyo anakuja, ametokea pale kwa duka la kona. Amemshika Kui mkono. Kui ana plasta nyeupe inayofunika kidevu chote, na anaruka madimbwi.

Kyengo amesimama. Amevua kofia. Nimemwambia akae kwanza, hakai. Anauliza kama ataanza yeye kuongea au nianze mimi.