Ile Pilipili ya Kahawia Nimeijua Jina

Mama Masanja,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwetu hapa Katoro. Ni mchana, wateja wameshakula na kurudi machimboni, sufuria ziko kwenye maji. Niko salama. Watu wakiniuliza hali nawajibu hivyo, na si uongo. Nakula, nalala, napika. Ila ni kama mtu amenifunika blanketi zito kichwani. Kila kitu nakisikia kwa mbali.

Ninayo habari ya kukupa. Ile pilipili nimeijua.

Ulikuwa umenituma Geita kuchukua sufuria kubwa kwa fundi, ukasema nikiona pilipili popote ninunue, maana sokoni kwetu zilikuwa zimeadimika. Nikaziona supamaketi, kwenye kisahani cheupe kilichofungwa nailoni. Zimeandikwa "pilipili kali", basi. Za kahawia, zimekunjamana. Nilipozitoa kwenye mfuko ulinitazama usoni. "Kabula, wewe ng'wana, umeninunulia zabibu zilizooza?" Ukakata moja, ukainusa. Ilinukia kama pera lililoiva sana. Ukaitia nusu tu kwenye chachandu.

Wa kwanza kuionja alikuwa Baba Neema, yule mchimbaji anayejisifu kwamba kwake pilipili ni mboga. Akapiga chafya. Akavua kofia, akavua na shati, jasho likimtiririka kama ndiyo kwanza anatoka shimoni. Sote tukamtazama. Akasogeza sahani: "Mama, niongeze." Ulicheka hadi ukashika meza.

Tulipokuwa tunaosha vyombo ukaniambia, "Tafuta jina lake. Kitu kisicho na jina kikiondoka, utakiitaje kirudi?"

Jumapili iliyofuata ukaanguka ukitoka kanisani. Presha, walisema. Tulikupakia kwenye bajaji, kichwa chako mapajani mwangu. Pindo la kitenge chako lilikuwa linaning'inia nje na mimi nalivuta, lisiguse tope. Njia nzima ndiyo kazi niliyofanya. Asubuhi yake hospitali wakatuambia.

Tukakurudisha kwenu, kijijini, ukalazwa kando ya mama yako. Wanawake walilia mpaka sauti zikakauka. Mimi nilichota maji, nilisonga ugali, niliosha masufuria ya msiba. Shangazi yako akasema nikisikia, "Huyu binti ana moyo wa jiwe." Nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Masanja wako alikuja kutoka Isaka, akapewa ruhusa kule anakopakua makontena. Matanga yalipoisha akaniita pembeni. "Kabula, jiko lilikuwa ni mama. Sasa umebaki moshi tu. Nitakuja kuchukua vyombo niviuze." Nikasema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Nikarudi huku kumsubiri. Nikawa napika kwa sababu sijui kazi nyingine zaidi ya hii uliyonifundisha. Wateja wanauliza, "Ile pilipili iko wapi?" Wengine wakaanza kula kwingine. Nikaenda tena supamaketi. Dada wa pale akasema ililetwa mara ile tu. "Kwani pilipili si pilipili?" Sokoni, mzee anayeuza viungo akanisikiliza, akasema hiyo ni pilipili mbuzi iliyochelewa kuvunwa. Kijana wa bodaboda akaapa kwamba inatoka Kongo.

Halafu siku moja nafuta vumbi juu ya kabati, nikakuta mfuniko wa sufuria umelazwa chali, ndani yake mbegu zimekauka. Ulizianika mwenyewe, hata hukuniambia. Nilisimama nimeushika mfuniko ule mpaka maharage yakaungua.

Nikatoboa ndoo kuukuu, nikatia udongo na mbolea ya ng'ombe, nikazipanda nyuma ya jiko. Zilichelewa kuota, nikakata tamaa, ndipo zikaota. Zilipotoa maua nikalipeleka tawi duka la pembejeo, kwa yule dada aliyesomea kilimo. Akanionyesha jinsi maua yanavyotoka mawili matatu pamoja na kuinama. "Ukoo wa pilipili mbuzi huu. Lakini tusubiri ziive." Zikaiva. Zilitoka kwenye kijani zikaenda kahawia moja kwa moja, bila kupitia wekundu. Nikampelekea. Akakagua pale tunda linaposhikana na kikonyo, pana mkunjo kama shingo iliyofungwa uzi. Akaikata, akainusa, akacheka. "Habanero ya kahawia. Wengine wanaiita ya chokoleti. Ni pilipili mbuzi, dada, imezaliwa na rangi yake."

Kwa hiyo mzee wa sokoni alikaribia.

Nilidhani nitafurahi. Nilimshukuru, wabeja, nikarudi kuchambua mchele.

Wiki iliyopita, alipopata ruhusa tena, Masanja akafika na kirikuu cha kubebea vyombo. Alifika wakati wa chakula, pamejaa. Nikamwomba asubiri watu wamalize. Hakuwa na pa kukaa, akasimama mlangoni. Baba Neema, bila kumjua, akamwita: "Kijana, maji ya kunawa huku!" Akaleta. Mwingine akataka chumvi. Akaleta. Watu walipokwisha, shati lake lilikuwa limelowa, na dereva wa kirikuu alikuwa anaomba ugali wa pili.

Nikampakulia. Akachovya kwenye chachandu, akatafuna taratibu.

"Siyo kama ya mama."

"Si kama ya mama," nikasema.

Akala akamaliza, akasogeza sahani nimwongeze. Alipoondoka alichukua sufuria moja tu, ile nyeusi uliyokuwa ukimpikia uji akiwa mdogo. "Hizi nyingine zina kazi," akasema. Ameikumbatia mapajani, hakutaka iwekwe nyuma ya gari.

Basi jiko lipo, Mama. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine, kama huko mnasikilizana.

Pumzika. Usihangaike na kuni wala na mchele, nitahangaika mimi. Sijalia bado. Shangazi yako akija nitampikia vizuri, na sitajifanya nalia ili anione. Nakuahidi hilo. Na nakuahidi jambo la pili: siku yenyewe ikifika, hata kama pamejaa watu, nitatoa kuni mafigani, nitawaambia wakale kwingine, nitakaa chini hapa mlangoni, nilie mpaka niishe.

Ni mimi,
Kabula wako