Safu Mbili za Uzi wa Bluu

Jumanne, 5 Agosti
Soli tatu kabla ya chai. Baridi ya Kangemi inauma vidole lakini mkono wangu hautetemeki. Kutoka hapa mpaka mtaa wa Mountain View hakuna fundi anashona kiatu kama mimi. Uzi wangu ni wa bluu, watu wanaujua. Mteja nampa safu moja. Buti zangu mwenyewe, safu mbili hapo mbele. Fundi lazima ajiheshimu.

Mama Shiko, jirani yangu anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe, anasema najisifu mpaka chai inapoa. Wacha aseme. Mimi nimesoma gumbaru, darasa la watu wazima, na mvi kichwani, sasa naandika. Yeye je?

Jumatano, 6 Agosti
Nimeshindwa kupitisha uzi kwenye sindano.

Jioni nikifunga kibanda mtu alipiga kelele, mwizi wa mtungi wa gesi. Watu wakakimbia. Nikakimbia. Sijui nilitaka nini huko. Wote kofia za koti kichwani, maski, skafu. Hakuna sura. Sauti ilikuwa moja na mimi nilikuwa ndani yake. Nilisikia utamu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa mzee. Sikuwa na goti bovu. Sikuwa na jina.

Kisha nikaangalia chini. Viatu vinapiga mtu. Uzi wa bluu. Kazi yangu. Tena uzi wa bluu. Nikaona buti ya safu mbili ikirudi nyuma, ikienda mbele. Nikajiuliza, huyu naye ni nani?

Mguu ulikuwa wangu.

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Sikuwaambia waache.

Alhamisi, 7 Agosti
Aliyepigwa ni Makokha, fundi wa mabomba. Mteja wangu. Mtungi ulikuwa wake, alikuwa anaupeleka kujazwa. Yuko hospitali, hajaamka.

Kila aliyekuja kibandani leo amesema watu wa siku hizi ni wanyama. Watu, watu. Hakuna aliyesema sisi. Mimi pia nilisema watu.

Buti nimezisugua, nimezifunga kwa gunia. Nimevaa patipati za mpira. Mama Shiko akacheka: "Fundi wa viatu bila viatu. Mzee wangu, umeoa tena, mke amekunyang'anya?" Nikasema vidole vimevimba.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikuenda. Makokha bado hajaamka. Gari likisimama nje nasema ni polisi. Vijana wakicheka pamoja njiani nafunga dirisha. Mimi, niliyewahi kufukuza majambazi kwa nyundo ya viatu.

Lakini si polisi naogopa sana. Naogopa mguu wangu. Tumezeeka pamoja na kumbe siujui.

Jumatatu, 18 Agosti
Makokha ameamka. Mungu ni mkubwa. Nimekula vizuri mara ya kwanza.

Kisha nimefikiria: ameamka, atakumbuka. Nimesukuma sahani.

Alhamisi, 28 Agosti
Amekuja. Kwa magongo, mguu mmoja na plasta. Nilimpa kigoda changu. Alikaa polepole kama mtu mkubwa kuliko mimi, na ni kijana wa kunizalia wajukuu.

Akasema: "Mzee, nikiwa chini sikuona sura hata moja. Niliona viatu. Kimoja kilikuwa na uzi wako, mara mbili, hapa mbele. Ni cha nani?"

Nilimwambia arudi kesho, nifikirie. Akasema asante mzee wangu, sina mwingine wa kuuliza.

Alinishukuru.

Nimefika nyumbani, nimefungua gunia, nimechukua kisu kidogo. Kutoa safu moja ni kazi ndogo. Nimekata mshono mmoja. Mkono ukagoma. Kazi safi hivi, fundi gani anaiharibu? Najidanganya. Si kazi. Ni vile nikitoa uzi, atabaki akiangalia miguu ya kila mtu Kangemi mpaka afe. Na mimi nitamshonea viatu nikimwambia pole.

Ijumaa, 29 Agosti
Ukungu. Nimefungua mapema.

Nimevaa buti. Ule mshono mmoja niliokata nimeurudishia, kwa uzi uleule. Nimekaa, miguu nimeinyoosha mbele ya kibanda, kila mtu apite aione. Mama Shiko ameleta chai. Ameuliza kama vidole vimepona. Nimesema hapana.

Magongo yake nayasikia kwenye kokoto, bado mbali kidogo. Naogopa sana. Miguu sijaikunja.