Umeme wa Kumpumulisha Mama

Jumatatu, 29 Septemba

Zamu ya ulinzi imeisha saa kumi na mbili asubuhi. Nimetembea kutoka Kensington hadi Bellevue kwa sababu teksi zote zilikuwa zimejaa. Uani nimemkuta Neema chini ya karavani, inaonekana miguu tu. Ndiye mke wangu huyo. Wenzake wakiamka hunywa chai. Yeye akiamka hulala chali kwenye saruji na bisibisi mdomoni.

Karavani tuliinunua kwa mzee mmoja wa Kizungu. Imepaushwa na jua, na mlango haufungi mpaka uusukume kwa nyonga. Ijumaa tutaivuta kwa gari la kuazima hadi kambi ya kanisa, kusini mwa jiji, na mama yangu atakwenda. Miaka miwili hajaenda kwa sababu ya mapafu. Ile mashine ya hewa aliyoazimwa na hospitali inataka umeme karibu muda wote, na umeme wa kule kambini tunaujua. Mwaka jana uliua friji ya mchungaji. Mashine ikiungua, hatupati nyingine haraka. Nesi alisema hivyo na hakutabasamu.

Neema anasema mama atakwenda na mashine itarudi nzima. Nimemwambia aache kuahidi mambo. Alirudi chini ya karavani.

Jumatano, 1 Oktoba

Amefunga kifaa ukutani, karibu na mlango wa karavani. Kisanduku cheusi chenye namba nyekundu. Umeme ukija chini ya volti mia mbili, kinakata. Ukipita mia mbili hamsini, kinakata. Ukirudi na adabu zake, kinausubiri dakika tatu ndipo kinaufungulia. Neema anakiita mlinzi. Anasema nisikinunie, sisi ni wa kazi moja.

Chini ya kitanda kuna betri mbili kubwa. Juu ya paa kuna sola. Kuna na inveta, ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Amepiga hesabu: betri zikijaa, mashine ya mama itakwenda mchana na usiku, ikiwa peke yake. Hilo la peke yake amelirudia mara mbili akinitazama usoni.

Mwanamke huyu alitoka Kigoma akaja kusuka nywele Yeoville miaka minane. Siku moja akajiandikisha chuo cha ufundi. Darasa zima wanaume. Akatoka na cheti cha fundi umeme. Siku zile niliona haya, nikawaambia watu wa kanisani kwamba anasoma kompyuta. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 3 Oktoba

Tumefika kambini saa nane mchana. Mama alikaa kiti cha mbele, mtungi mdogo wa hewa wa safari magotini. Wenzake walimpokea kwa nyimbo. Hao ndio waliovuka naye kutoka Uvira, pamoja naye sasa wamebaki watano. Hawakungoja ashuke, walimshusha. Jumapili wataimba mbele ya kanisa. Hicho ndicho kilichomleta. Hajasema, lakini najua.

Kila aliyefika alichomeka kwanza, salamu baadaye. Nguzo za umeme ni chache. Waya unatoka kwenye nguzo kwenda hemani, unatoka hemani kwenda kwa jirani, na kutoka hapo kwa jirani wa jirani. Ndivyo tulivyozoea kambini kwetu. Kumnyima mtu soketi ni kama kumnyima maji ya kunywa.

Neema hakuchomeka. Alitoa mita akapima nguzo yetu. Mia mbili thelathini na moja. Nikasema haya, umeme ndio huo. Akasema bado. Akachomeka birika lenye maji, akaliwasha, akapima tena. Mia moja themanini na nane. Akazima, namba ikapanda. Akarudia mara tatu, watu wakitazama, mimi nimesimama na ndoo mkononi sijui niiweke wapi.

Alinieleza. Umeme usiokuwa na kazi huonekana mzuri. Upe kazi ndipo uujue. Kuna mahali waya umelegea, na yeye anashuku wa nyutro, ule wa kuurudisha umeme. Ukiachia huo, nguzo moja itakosa na nyingine itapewa kupita kiasi. Alikwenda kumwambia Shemasi Byamungu, anayesimamia kambi. Shemasi alicheka kwa upole. Akasema tunakuja hapa miaka yote na Mungu anatulinda.

Kwa hiyo tunatumia betri. Tundu letu kwenye nguzo liko wazi, na kila anayepita analiangalia.

Jumamosi, 4 Oktoba, asubuhi

Mama amelala vizuri. Betri hamsini kwa mia. Mawingu. Neema anayatazama kama mkulima aliyeanika mahindi.

Alfajiri alizunguka akapima nguzo zote. Yetu iko chini. Ile ya hema kubwa la ibada iko mia mbili arobaini na sita. Ameandika kila kitu kwenye daftari. Hakuna aliyemtuma.

Kwenye uji nimesikia maneno. Kwamba Mama Furaha, ndiye Neema, ana umeme wake wa pekee, umeme wa mabwana. Walicheka, nami nikacheka. Halafu mtu mmoja akasema uchoyo, bila kucheka. Nimemkasirikia Neema. Angechomeka tu kama watu wote tukawa na amani.

Jumamosi, saa kumi jioni

Nimefanya ujinga.

Adhuhuri Neema alikuwa kwenye semina ya akina mama. Shemasi akaja na wawili kati ya wale wenzake mama, wamebeba pipa la umeme la kuchemshia chai. Nguzo yao haina nguvu, maji hayachemki. Shemasi akasema, "Baba Furaha, iko chai tu. Bamama zako njo banaomba."

Kensington kila siku nawarudisha getini wenye suti na magari makubwa kwa sababu majina yao hayamo kwenye orodha. Hawa sikuweza. Nilipiga magoti, nikachomeka waya wao kwenye soketi ya inveta chini ya benchi, nikaupitisha dirishani. Mama aliniona. Pipa la kwanza likachemka. Kisha la vijana wa kwaya. Kisha la wageni kutoka Pretoria. Nikakaa nao nikanywa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Neema alirudi saa tisa. Alitazama namba za betri. Kumi na nane. Aliufuata waya kwa macho mpaka dirishani, akauliza taratibu, nani amewapa. Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi kutoka kitandani: "Ni miye nilibapa. Benzangu balikuwa na kiu."

Nikaufunga mdomo wangu. Mwanaume wa miaka arobaini na sita.

Neema alisema sawa, mama. Akachomoa waya, akaukunja vizuri, akawapelekea wenyewe na kuwashukuru. Hakupandisha sauti. Afadhali angepiga kelele.

Imebaki kama masaa manne. Jua hakuna. Mtungi mdogo ni masaa mawili tu. Nilisema tumrudishe mama nyumbani sasa hivi. Mama alikataa kwa kichwa. Akasema "Jumapili," na neno hilo moja lilimchukua pumzi mbili.

Jumamosi, giza likianza

Naandika haraka, kabla giza halijaingia kabisa.

Saa kumi na nusu taa za hema kubwa ziliwaka kwa mwanga ambao hazijawahi kuutoa. Watu walipiga makofi, wakidhani umeme mzuri umekuja. Kisha spika ikatoa moshi. Friji mbili zikazima. Chaja za simu zikapasuka moja moja kama bisi. Upande wetu umeme ulikufa kabisa. Karavani haikuguswa, kwa sababu haikuwa imechomekwa kokote.

Neema hakusema, "Niliwaambia." Nilimtazama usoni kusudi, nione kama atasema. Alichukua sanduku la vifaa akaenda kwa Ntate Mokoena, mtunza uwanja, mwenye ufunguo wa chumba cha umeme. Mzee yule akakataa, akasema tusubiri Jumatatu, mkandarasi aje. Neema akamwonyesha cheti chake kwenye simu. Mzee akakisoma chote, bado kichwa kinakataa. Ndipo Neema akamwambia kuna mama yetu pale anapumua kwa mashine na betri inaisha. Ntate Mokoena akatoa funguo kiunoni, akakubali kwa lugha ya huku. "Eish. Sharp, mama, twende."

Neema alizima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwake. Akapima kama kweli umekufa. Akapima mita yenyewe kwenye betri kama ni nzima. Akapima tena. Mimi nilitaka kupiga kelele aharakishe. Yeye alikuwa na utulivu wa mtu anayesuka mtoto.

Akafungua sanduku la umeme la ukutani. Wezi waliwahi kuiba nyaya za shaba hapa, na mtu aliyekuja baada yao aliunga waya wa aluminiamu kwenye bolti ya shaba, hivi hivi, bila kichwa cha kuungia, kile cha kuzikutanisha metali mbili. Nyutro ileile aliyoitaja jana. Ilikuwa nyeusi, imelika, inacheza ukiigusa. Aliikata, akaisafisha mpaka ikang'aa, akatia kichwa kipya cha kuungia kutoka kwenye sanduku lake la vifaa, akakaza kwa uzito wake wote. Mimi nilishika tochi. Ndiyo kazi yangu yote ya leo yenye maana.

Kisha akamkalisha Shemasi Byamungu na daftari. Hema hili nguzo hii, hema lile nguzo ile. Mambo ya waya wa jirani wa jirani basi. Mapipa ya chai kwa zamu. Shemasi aliandika kila neno. Mchungaji alikuwa anahubiri bila spika, tunamsikia hata huko. Shemasi akauliza, "Fundi, tuwashe sasa?" Hakusema Mama Furaha. Alisema fundi, mbele ya watu, nami nikahisi kifua kinanijaa.

Mia mbili ishirini na nane. Na pipa la chai likichemka, mia mbili ishirini na nne. Ndipo alipochomeka karavani. Kisanduku cheusi kikaanza kuhesabu dakika zake tatu. Betri ilikuwa tisa kwa mia. Mama alikuwa ameshika shuka. Neema alisimama mkono ukutani hapohapo, kama anayemsubiri mgonjwa azungumze.

Kikabofya. Mashine ya mama haikukatika hata kidogo.

Nampenda mwanamke huyu. Sijui kwa nini nimeliandika hapa badala ya kumwambia.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama ameimba.

Tulibeba mashine, kiti na waya mpaka mbele ya hema. Wenzake wanne walimzunguka. Sauti yake imeisha, midomo ndiyo inakwenda, na mara moja moja ile sauti ya chini inatoka, ya zamani. Inapomshinda, wale wanne wanaibeba. Nimelia na watu wameniona. Wala sijali.

Nilimtafuta Neema kwa macho ili aone. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa nyuma ya hema, kwenye nguzo, anasoma namba huku anafuatisha wimbo.

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumerudi. Karavani iko uani, mashine iko ndani, mama amelala. Mvua kidogo mchana.

Neema alikuwa ananawa mikono kwenye sinki, ile grisi ya chumba cha umeme haijataka kutoka tangu juzi. Nikasimama mlangoni. Nikasema, ni mimi niliyewapa waya wale. Si mama.

Aliendelea kusugua. Akasema, "Najua. Mpira wa hewa wa puani mwa mama haufiki kwenye soketi chini ya benchi."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza.

"Mama ameshasema ni yeye. Nitambishiaje?"

Akafuta mikono, akaniambia mama asijue kwamba tumezungumza. Kisha akaenda kumpima mama mapigo ya moyo.

Wanawake wawili wameifunika aibu yangu, kila mmoja bila kumwambia mwenzake. Sikustahili. Zamu yangu inaanza saa kumi na mbili jioni. Nimeshavaa, nimekaa tu hapa jikoni, nawasikia wanaongea chumbani kwa sauti ya chini.