Wakwe Wanakuja na Bahari Yangu Imeota Nywele

Dada mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi iweke akiba, utaitumia baadaye. Mimi ni fundi wa makochi na si mtu wa kuomba msaada, hata mke wangu namwomba kwa kuzunguka, lakini hili limenifika shingoni.

Sebuleni kwangu kuna tangi la samaki la maji ya chumvi, si la dukani, kioo nimekata na kugundisha mwenyewe, meza yake nimeivika ngozi iliyobaki kwenye kochi la daktari mmoja, na sikufundishwa na mtu, nilikuwa nachungulia matangi kwenye nyumba nilizopeleka makochi mpaka wenye nyumba wakadhani siwaamini na makochi yao. Ndani kuna matumbawe, kuna kamba mwekundu mwenye haya, na kuna Mzee Milia, samaki wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, aliyeingia humo binti yangu akiwa hajaota meno ya mbele na sasa binti anaolewa na Mzee bado yupo, na akikuona anakuja kwenye kioo kukulaki kama mwenye nyumba, ndiyo maana kwangu hakuna mgeni anayetoka bila kumlisha, fundi bomba akija analisha, jirani akija kuazima pasi analisha, hata mtu mmoja aliyepotea njia akiuliza nyumba ya mwingine nilimwingiza akalisha, na taa ya tangi naiwasha nikiamka naizima nikienda kulala ili wapita njia nao wafaidi dirishani.

Sasa tangu niweke taa kubwa zaidi, mwani umeota. Ulianza kama vumbi la kahawia mchangani, nikasema litapita, ukawa kijani, ukarefuka, leo matumbawe yamevaa wigi na Mzee Milia anapita humo kama mtu aliyeangusha funguo kwenye nyasi. Nasugua kioo kila asubuhi, kesho yake umerudi na ndugu zake, nikiongeza maji mapya ya bomba ndiyo kwanza unanawiri. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku, alisimama mbele ya tangi akasema, "Shemeji, hii ni bahari au shamba? Unavuna lini?" Mke wangu akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Hilo nilimeza. Lakini Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja wakwe watarajiwa, na binti amekwisha kuwasimulia habari za tangi, na baba wa kijana amesema hamu yake ni kumwona huyo Mzee. Mke wangu amesema, "Baba watoto, ama hilo tope liishe, ama Mzee wako apate ndoo na tangi liende uwani. Mwanangu haolewi kutoka kwenye kinamasi." Shemeji ameleta chupa ya dawa, anasema ukimimina jioni, asubuhi hukuti kitu cha kijani. Ipo juu ya kabati. Kila nikipita naitazama, nayo inanitazama. Niimimine niokoe heshima yangu, au nifanyeje?

Fundi Makochi

JIBU

Marahaba, Fundi Makochi, na umri wangu niachie mwenyewe.

Chupa hiyo ishushe leo, mrudishie mwenyewe. Mwani mwingi ukifa kwa mkupuo unaoza humo humo, uozo unamaliza hewa ya majini, na Mzee Milia utamkuta juu ya maji anatweta. Dawa za namna hiyo pia mara nyingi hazipatani na kamba wala matumbawe. Utawakaribisha wakwe kwenye kioo kinachong'aa chenye msiba ndani.

Na mwani umetoka wapi? Jibu umeliandika mwenyewe, tena kwa majivuno. Samaki mwenye tumbo dogo kuliko kifungo cha kochi analishwa na mtaa mzima. Anachoacha kinaoza, kinakuwa mbolea. Ukaongeza jua lisilotua. Ukaongeza maji ya bomba, ambayo aghalabu huja na virutubisho vyake. Shemeji yako amekuudhi kwa sababu amesema kweli, umelima. Sikucheki sana, hata mimi nimewahi kufuga, na kwangu mama mkwe ndiye aliyekuwa akiwamegea samaki mkate.

Sasa kunja mikono ya shati. Ng'oa mwani kwa vidole, polepole, kama unavyong'oa pini kwenye kochi kuukuu, na usiuache ukielea. Mawe yasugue kwa mswaki laini huku ukifyonza uchafu kwa mpira mwembamba. Maji yatakayotoka yafidie kwa maji yaliyochujwa barabara, yenye chumvi na joto sawa na ya ndani, sehemu ndogo tu, rudia baada ya siku chache. Ukimwaga tangi zima utamuua Mzee kwa usafi. Yakipungua kwa mvuke, ongeza yaliyochujwa bila chumvi, kwani chumvi haiondoki na mvuke. Sponji ya pampu inayochuja maji isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, ya bomba yataua vijidudu vyema vinavyosafisha. Taa ya zamani irudi, iwake mchana, ipumzike jioni, wapita njia nao wana makwao. Tafuta konokono wa baharini wanaokula mwani, wachache. Na chakula kitolewe mara moja kwa siku, na mtu mmoja, punje ambazo Mzee anazimaliza ungali umesimama. Kopo la chakula mpe mke wako alifungie. Ndiyo, mke wako. Wewe ukiona mgeni huna breki.

Sikudanganyi, Jumamosi haitaukuta mwani umekwisha. Wigi litakuwa limetoka, zitabaki nywele fupi, na nywele fupi hazijamfukuza mkwe yeyote.

Nawe mama watoto, najua unasoma begani kwake, tangi haliendi uwani. Wakwe wanakuja kutazama nyumba inayojua kutunza. Samaki mmoja tangu binti yenu ni kibogoyo hadi anaolewa, mnataka shahidi gani mwingine?

Siku hiyo, Fundi, usifunike kioo na usiombe radhi. Mkalishe baba wa kijana kwenye kochi lililo karibu na tangi, ulilolishona mwenyewe. Mzee Milia atakuja kumlaki. Mgeni atafurahi, atanyoosha mkono, atauliza chakula kiko wapi. Hapo toa kifua mbele umwambie, "Ameshakula."