Ninayemshuku kwa Ugonjwa wa Tumpe

Jumapili, Juni. Upepo unakata masikio, na moyo wangu haujatulia.

Nina mtu ninayemshuku, na leo nimemvizia.

Mdogo wangu Tumpe ana miaka kumi na minane. Tangu Pasaka hataki kula, halali, na ukimuuliza anautazama ukuta. Hospitali wamempima malaria, hana. Mume wangu anasema ni uvivu wa kisichana. Mimi nikasema ni jirani.

Jirani ni Mama Kalista, Mfipa, hakosi misa. Kila jioni analeta ugali wa ulezi na maharage, na kila jioni namrudishia sahani pamoja na asante ya mdomoni. Mtu gani huyu asiyechoka kukataliwa? Kwenye foleni ya sukari hapa Majengo maneno hayakosekani, nami nayaokota yote.

Lakini kuna jambo haliniingii akilini. Tulihamia huku kwa Wafipa kutoka Tukuyu baba alipoletwa kuwa bwana shamba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nililia mwaka mzima, kisha nikazoea. Tumpe alikuwa na mitano. Samaki mkunje angali mbichi, nilijiambia, huyu hatajua hata kama alihama. Sasa inakuwaje mimi nalala fofofo na yeye ndiye anayekonda?

Amerogwa. Ndiyo, nimeandika.

Wazazi hatunao tena, Tumpe ni wangu. Nikapanga arudi Tukuyu kwa shangazi, Ijumaa. Balozi wa nyumba kumi ameshaniandikia barua ya safari.

Leo baada ya ibada Tumpe alitoka bila kuaga. Nikamfuata mpaka uani kwa Mama Kalista, nikajibanza nyuma ya kihenge cha mahindi. Nikamwona amechuchumaa mbele ya bibi kizee wa nyumba ile, anapiga makofi taratibu kama wasichana wa Kifipa wanavyowasalimu wakubwa. Anaongea Kifipa, lugha niliyoipiga marufuku kwangu. Halafu akaletewa ugali.

Akala. Tonge baada ya tonge, akala.

Nikatokeza nimewaka. "Mnampa nini mtoto wangu?"

Mama Kalista hata hakukasirika. "Karibu, dada. Ni huu huu unaonirudishia. Kaa nawe ule."

Sikukaa. Nikamwambia Tumpe twende akafunge mizigo, Ijumaa anakwenda nyumbani akapone.

Ndipo akaongea. Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo tangu Pasaka.

"Nyumbani wapi, dada? Hapa shuleni wananiita mgeni. Kule Tukuyu, tulipokwenda Pasaka, nilimsalimia babu hivi hivi, nimechuchumaa, kwa makofi. Ukoo mzima ukacheka, wakaniita Mfipa. Nikakutazama wewe."

Kisha akaendelea kula.

Nimerudi peke yangu. Nimekaa jikoni na barua ya balozi mkononi, nikaichana. Mama Kalista bado simwamini sawasawa, siwezi kulidanganya daftari hili. Jioni alipoleta sahani niliipokea, nikainusa kwanza, kisha nikala. Ni ugali tu.

Mimi nilihama nikiwa nimeshakuwa mtu, nikaja na kwetu kichwani. Yeye alikuwa bado anajengwa. Nani alimwachia mahali pa kusimama?

Siku ile Tukuyu naikumbuka vizuri. Tumpe alinitazama, akiwa bado amechuchumaa, mikono imekutana.

Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.