Tromboni Haichapwi

3 Februari

Mkwe wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi wazima, ukiacha goti lake, ambalo siku hizi linajiamulia mambo lenyewe. Wewe hujambo? Ofisi ya ramani wanakupumzisha kidogo? Nimeona niandike, maana tulipopigiana simu mara ya mwisho tulinyamaza wote wawili mpaka ikakatika.

Nina shida, na sina mwingine wa kumwuliza. Karakana inafungwa Ijumaa ya mwisho ya Machi. Bendi yetu ya wafanyakazi imeombwa ipige siku hiyo, kisha kila mtu ashike njia yake. Nikawaambia tupige ule wimbo wa gwaride alioutunga marehemu mume wako. Walikubali kabla sijamaliza kusema.

Wimbo umo kwenye kompyuta yake, kwenye ile programu ya kuandikia noti mliyokuwa mkiitumia pamoja. Nimeufungua. Noti ni ndogo kama sisimizi, nainama mpaka pua inagusa kioo. Nikaenda kwa yule dada wa duka la kuchapa. Mstari wa chini ukakatwa, na kichwa cha wimbo kikakalia noti za tarumbeta. Lakini linaloniumiza ni jingine. Tromboni haimo. Tarumbeta ipo, saksafoni ipo, ngoma zipo. Tromboni, chombo chake mwenyewe, haionekani kwenye kioo wala haichapwi. Na aliiandika, najua. Nilikuwa namsikia akiipiga chumba cha nyuma, mimi nikiwa barazani natengeneza vyombo vya muziki vya watu.

Nisaidie, mwanangu.

Baba mkwe wako

21 Februari

Baba,

Shikamoo. Mpe Mama pole ya goti, na umwambie ndoo za maji si zake tena. Mimi mzima. Nisamehe kuchelewa, tuna ramani za mji mzima za kuchora upya na mkuu wetu hataki kusikia habari ya mtu kuumwa hata mafua.

Kuhusu noti ndogo: tazama chini kabisa ya kioo, upande wa kulia, kuna namba yenye alama ya asilimia. Iongeze. Hiyo inakuza unachokiona wewe tu, haigusi karatasi. Ya karatasi iko mbali nayo, kwenye mipangilio ya ukurasa. Humo chagua kipimo cha karatasi mnayotumia dukani, maana nadhani programu inafikiri mna karatasi kubwa zaidi. Kisha punguza ukubwa wa mistari kidogo, na uongeze nafasi ya pembeni. Mstari wa chini utarudi.

Ya tromboni siwezi kukumbuka bila kuona. Sijaifungua programu ile tangu msiba. Mwambie huyo dada anitumie faili, nitaangalia.

Mkweo

28 Februari

Mkwe wangu,

Hujambo huko? Huku goti limetulia, ila mwenye goti amerudia ndoo.

Maelekezo yako nimeyafuata neno kwa neno. Ile namba nimeiongeza kwa tamaa, sasa noti zimekuwa kama sufuria, naona mbili kwa wakati mmoja na ya tatu naikisia. Mama yako amepita akauliza kama natazama picha za mayai. Nimeipunguza. Karatasi nayo imekaa sawa: mstari wa chini umerudi na tarumbeta wanapumua. Ahsante sana.

Tromboni bado. Faili umetumiwa leo, nimesimama pale dukani mpaka nikaambiwa limefika. Mpigaji wetu wa tromboni anakuja mazoezini kila mara, anakifuta chombo, anakaa. Wengine wakipiga, yeye anahesabu kwa mguu. Kuna mahali katikati ya wimbo ambapo marehemu amewanyamazisha wote isipokuwa ngoma. Pale tukifika, tunamtazama yeye, naye anatutazama sisi. Mazoezini tunacheka.

Najua una kazi. Ukipata nafasi tu.

Baba mkwe wako

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nilijiuliza kama unaumwa, nikataka kupiga simu, nikaacha.

Siku imepita. Watu walikuwa wengi, mpaka wastaafu wa zamani waliletwa wakishikwa mikono. Tulipiga wimbo wake. Nilikuwa nimemwambia mtu wa tromboni ajaribu kutunga kitu cha kujazia, akakataa. Alisema, "Mzee, siwezi kuweka maneno yangu kwenye mdomo wake." Nilimwelewa.

Basi tulianza vizuri, vizuri kweli. Tukafika pale katikati, wote wakanyamaza, ngoma ikabaki peke yake. Watu wakadhani tumemaliza. Wakapiga makofi. Mkurugenzi akasimama kutoa hotuba. Mtu wa ngoma alinitazama, nikamwashiria aache. Sehemu ya mwisho haikupigwa.

Hakuna aliyejua kuwa kuna kilichobaki, isipokuwa sisi na mama yako. Alikuwa mstari wa mbele. Alinuna njia nzima mpaka nyumbani, wala hakuwa amenikasirikia mimi.

Sikulaumu. Naandika ujue tu ilivyokuwa, maana ungekuwepo ungeuliza.

Baba mkwe wako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Niliandika barua nikaichana, hii ni nyingine.

Sikuwa naumwa. Faili lilinifikia siku ileile. Kila asubuhi nilikuwa naliona, na kila asubuhi nilijiambia jioni. Ni sauti yake, Baba. Mimi nilikuwa nachapa, yeye anaimba nyuma ya kiti changu, tunagombana kuhusu kila nukta. Niliogopa kwamba nikifungua itaanza kupiga.

Nilipopata barua yako ya siku ya kufunga, nilifungua hapohapo ofisini. Tromboni ipo, yote, mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa imefichwa tu. Pembeni mwa jina la kila chombo kuna kijicho kilichochorwa. Cha tromboni kilikuwa kimefumbwa. Nimekibonyeza mara moja, ikatokea.

Aliificha mwenyewe. Nilikuwa nimesahau, na ningekumbuka kama ningekaa nikafikiri badala ya kukimbia. Alipotaka kufanya mazoezi aliificha sehemu yake na kuizima sauti, ili kompyuta ipige ya wengine wote, naye ajaze ya kwake kwa tromboni yake. Ndivyo ulivyokuwa unamsikia kutoka barazani. Mara ya mwisho hakurudi kuifungua.

Jambo la kubonyeza mara moja. Ningeweza kukuelekeza kwa mstari mmoja wa barua, mwezi mzima kabla.

Nimechapa tromboni kwenye karatasi ya ramani, noti kubwa, wino mweusi kabisa. Natuma na barua hii. Sijui kama bado ina kazi. Mwombe Mama anisamehe.

Mkweo

11 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tupo. Mama yako anasema huna cha kusamehewa, kisha akaingia ndani akakaa huko muda. Kwa hiyo mpe muda.

Karatasi zimefika salama. Nilikwenda kwa mtu wetu wa tromboni, nikakuta ameshahamia kwa watoto wake, mbali. Wa saksafoni ameuza chombo. Nilirudi nazo kwapani.

Jana niliitoa tromboni yake kwenye sanduku. Niliisafisha, nikatia mafuta, ile kazi ninayoijua. Kupiga ni kitu kingine; mimi mtu wa tarumbeta, na midomo imezeeka. Nilizibandika karatasi ukutani chumba cha nyuma, nikaanza pale katikati, pale wengine wote wanaponyamaza. Ni polepole, mwanangu. Sikutegemea. Kwenye wimbo wa gwaride, ameweka kitu cha polepole kama mtu anayeongea na jirani.

Mama yako alikuwa anaosha vyombo. Nikasikia maji yamefungwa. Akaja akasimama mlangoni na mikono yake ikichuruzika. Nilipopatia akasema, "Ndiyo hiyo. Hiyo hiyo."

Sikufika mwisho. Noti naziona vizuri sana, hata miwani sihitaji. Ni pumzi iliyoniishia.

Baba yako