Ndoo Imepata Jina Jipya

Jumanne jioni

Natangaza rasmi, mbele ya cherehani yangu, kwamba ndoo ya nyumba hii imepata jina la Kiingereza. Mlango pia, na kile kiti kibovu. Binti yangu Naomi amebandika maneno kila mahali kwa gundi ya uji wa ngano. Kuku ameshakula jina la beseni.

Nilicheka mpaka aliponiambia sababu. Tangu aanze kidato cha kwanza hajawahi kwenda chooni saa za masomo. Ruhusa lazima uiombe kwa Kiingereza, umesimama, na ukikosea darasa zima linacheka. Kwa hiyo anajibana mpaka arudi huku nyumbani, Singe. Ameanza na vitu vya nyumbani kwa sababu vitu havicheki. Na mimi nilidhani anakataa chai ya asubuhi kwa maringo!

Wiki nzima nimekuwa mwalimu, mimi niliyeishia darasa la saba. Anaomba ruhusa, nakunja uso. "Sijasikia. Rudia!"

"Mama, hata madam hana roho mbaya hivyo."

"Rudia."

Leo asubuhi amekunywa vikombe viwili. Siku nzima nimemuwaza, suruali ya mteja nimeishona mfuko nje ndani.

Saa kumi akaingia mbio. "Mama, nimesimama, nimeomba, na hakuna aliyecheka!"

"Madam akakuruhusu?"

"Akaniruhusu!"

Nikafungua mikono nimkumbatie, lakini alikuwa ameshanipita, anakimbilia uani.

Choo cha shule kilikuwa kimefungwa.